Dokta Aliyepima Umbali

Siku tulipomzika Dokta walisimama watu watatu kumwelezea. Mkubwa mmoja kutoka chuoni alisema marehemu alikuwa msomi wa kupigiwa mfano. Mama wa jumuiya alisema alikuwa mtu wa sala. Mpwa wake alisema alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa wa mdomoni. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na masufuria, na sikuitwa kusema. Hata ningeitwa nisingesimama. Nililokuwa nalo halisemeki kwa dakika mbili kwenye kipaza sauti: nilimdanganya Dokta msimu mzima wa mvua, na uongo wangu ukaingia kwenye kazi ya maisha yake.

Mimi ni fundi wa nyavu. Niliishia darasa la saba. Nilimsaidia Dokta miaka kumi na moja, upande wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, na kwingineko alikotaka kwenda. Nitaeleza nilivyomjua, na hilo jambo langu nitalieleza pia, kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimemdanganya mara ya pili.

Alikuwa dokta wa vitabu, si wa sindano, na watu wa mwaloni kwetu, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, hawakukubali kabisa kwamba kuna dokta wa namna hiyo. Mama mmoja anayeanika dagaa alimvizia siku moja akishuka kwenye kivuko.

“Shikamoo Dokta. Huu mgongo wangu, nikiinama hauinuki.”

“Marahaba. Mama, mimi si daktari wa watu. Natafiti fisi maji.”

“Basi nipe hiyo hiyo ya fisi maji. Mbona wao wanainama vizuri tu?”

Dokta hakucheka. Alimwangalia yule mama anavyobeba ndoo, akamzunguka mara mbili, akamwambia aache ndoo moja kubwa, abebe mbili ndogo, moja kila mkono. Baada ya wiki mbili yule mama akatangaza mwaloni kote kwamba amepona. Tangu hapo, kila Dokta alipofika, alikuta watu watatu au wanne wamekaa kwenye gogo wakimsubiri. Alikuwa anaona aibu sana. Lakini hakuwahi kupita bila kusimama.

Mimi alinipata kwa sababu ya tundu. Nilikuwa nimekaa chini na wavu wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni mvuvi. Kivuli kikasimama juu yangu. Nikaona mabuti ya mpira, moja jeusi na moja la kijani, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikaniuliza, “Hapa pamechanwa na nini?”

“Fisi maji.”

“Umejuaje? Si mamba?”

“Mamba ananyofoa kipande kizima, hata kama samaki ni mmoja. Fisi maji anafungua mlango wake mmoja, anatoa samaki anayemtaka, anaondoka. Angalia, huyu alimtaka sato. Furu wote kawaacha.”

Akakaa chini kwenye mchanga, na nguo yake safi. Akatoa daftari. Tulikaa hapo mpaka kivuko cha mwisho, akiniuliza tundu moja baada ya jingine, na mimi nikijibu kama mtu anayesomea wengine barua. Hakuna aliyewahi kuandika maneno yangu kabla ya siku hiyo.

Kazi yake ilikuwa na sehemu tatu, na mwanzoni sikuelewa zinashikanaje. Sehemu ya kwanza ni fisi maji wa ziwani. Ya pili ni utani wa misibani, yaani yale maigizo ambayo watani wa marehemu wanayafanya, wakivaa nguo zake na kumwigiza ili wafiwa wacheke. Ya tatu ni vile vitabu vidogo vya mapenzi vinavyouzwa stendi. Aliniambia kwamba chuoni walimtaka miaka mingi achague kimoja. Wasomi wa wanyama walimwona mtu wa mila, wa mila walimwona mtu wa wanyama, na wote wawili waliona haya kwa sababu ya vile vitabu.

“Wanasema nina kazi tatu,” alisema. “Mimi nina swali moja tu, Fundi. Nataka kujua kiumbe anafanyaje kumkaribia mwingine anayeweza kumdhuru. Anaanzia wapi, anasimama wapi, na nani anamruhusu asogee.”

Basi kazi yetu ilikuwa kupima. Nilimtengenezea kamba yenye fundo kila hatua moja. Asubuhi tulipiga kasia polepole kuelekea kwenye majabali ambako fisi maji wanajianika na kuacha mavi yao. Fisi maji akishtuka na kuzama, tunadondosha jiwe la nanga hapo hapo, tunapima kwa kamba mpaka kwenye jabali, na Dokta anaandika mafundo mangapi. Siku nyingine ishirini na tano. Siku nyingine kumi na nane. Kama hatukuona kitu, aliandika kwamba hatukuona kitu, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Neno aliloniambia mara nyingi kuliko yote ni hili: “Usinipe ulichowaza, nipe ulichoona. Kama hukuona, andika sikuona. Sikuona nayo ni kazi.”

Msibani alipima kwa macho. Nakumbuka msiba mmoja wa Usagara, wa mzee aliyekuwa mgomvi maarufu wa chakula. Mtani wake alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito. Alitoka chumbani amevaa koti la marehemu na kofia yake, akasimama mlangoni, akamfokea mjane: “Wewe! Nimekufa, na bado ugali wako ni wa jana?” Watu wakashika midomo. Akasogea hatua mbili. “Nauliza, mboga iko wapi? Nitaendaje huko bila mboga?” Akasogea tena. Mjane alikuwa hajainua uso tangu asubuhi. Yule mtani alifika mpaka kwenye mkeka, akaketi paja kwa paja naye, akanusa sahani tupu jinsi mzee alivyokuwa akinusa, na mjane akacheka. Alicheka na machozi yakatoka kwa wingi, na wanawake wakasema sasa ndiyo amelia vizuri.

Dokta alikuwa ukutani anaandika. Mtani akamwona.

“Na huyu mama mwenye shingo ya korongo anapima nini? Anapima sanduku?”

Akamnyang'anya daftari, akaanza kutembea kama Dokta, ameinamisha shingo, akipima kwa hatua kutoka kwenye sufuria ya wali mpaka kwa mchungaji, kisha kutoka kwa mchungaji mpaka kwenye sufuria. “Mchungaji yuko karibu na wali kuliko Biblia! Andikeni!” Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mchungaji mwenyewe alicheka. Dokta alicheka mpaka akavua miwani, na aliporudishiwa daftari nilimwona akiandika: mtani alinifikia, hakuna hatua kati yetu, sikuogopa.

Vitabu vya mapenzi alivinunua stendi ya Buzuruga, kwa bwana mmoja anayevitandaza kwenye turubai. Alivinunua kwa mafungu, kama nyanya, bila kuchagua. Nusu alisoma yeye, nusu alinipa mimi, na tulipokuwa tunasubiri kivuko aliniuliza maswali.

“Kamshika mkono ukurasa wa ngapi?”

“Wa arobaini na mbili, Dokta.”

“Kabla ya hapo alizuiwa na nini?”

“Baba wa msichana.”

“Baba alikuwepo, au lilikuwepo jina lake tu?”

“Jina tu. Baba mwenyewe yuko Shinyanga tangu ukurasa wa tatu.”

“Andika hilo. Hilo ni zuri sana.”

Mimi sikuwa mtu wa kusoma. Baada ya mwaka mmoja nikawa nasoma bila kuagizwa, na mke wangu akawa ananiuliza usiku yule nesi kaolewa au bado. Nilijifunza jinsi wanavyoandika: kwamba mtu hatakiwi kufika haraka, na kwamba akikaribia kufika lazima kiwepo kitu kidogo cha kuangalia, kidole, au kikombe.

Dokta hakuvificha vitabu hivyo. Alivisoma ndani ya kivuko, katikati ya abiria, jalada lenye picha ya watu wamekumbatiana likiwa juu. Vijana walimchokoza.

“Bibi, umefikia wapi hapo?”

“Wanagombana.”

“Watarudiana?”

“Bado kurasa thelathini. Watarudiana tu.”

“Na wewe bibi, wako yuko wapi?”

“Wangu alikuwa na kurasa chache,” akasema, akafungua ukurasa unaofuata. Vijana wakageukia maji. Katika miaka yote kumi na moja hilo ndilo neno pekee nililosikia kwake juu ya jambo hilo, na sikumwuliza.

Maana yeye mwenyewe, aliyewapimia wengine ukaribu, hakukaribika. Alisalimia kwa ncha za vidole. Kwenye benchi aliweka mkoba wake katikati, kati yake na wewe. Hakupenda kuulizwa ameamkaje zaidi ya mara moja. Mama yangu alipofariki alikuja nyumbani kwetu, akakaa nje kwenye kona ya mbali siku tatu nzima, na kwangu hakuja hata kunipa pole. Nilimkasirikia. Siku ya nne, watu walipoondoka, mke wangu aliniambia kwamba masufuria yote ya msiba, tangu siku ya kwanza, yalikuwa yanaoshwa na Dokta.

Na huyu mtu wa kusisitiza ukweli alikuwa na uongo wake mmoja. Akina mama wa jumuiya walipompigia simu aje kwenye mkutano, aliwaambia ana kikao cha utafiti. Mimi nilikuwepo mara mbili. Kikao chenyewe kilikuwa yeye, kikombe cha chai isiyo na sukari, kipande cha sukari guru pembeni, na hadithi iliyobakiza kurasa kumi. Nilimwangalia. Akasema, “Unaona nini?” Nikasema, “Naona kikao, Dokta.” Akageuka dirishani ili nisione anacheka.

Sasa nafika kwenye langu.

Kati ya fisi maji wote tuliowapima kulikuwa na jike mmoja mwenye madoa meupe yaliyozunguka shingo kama kola ya shati. Dokta hakuwapa wanyama majina. Alisema jina linakufanya uone usichokiona. Lakini mimi nilimwita Kola, na siku moja nikakuta na yeye ameandika Kola, akaacha hivyo. Kola ndiye aliyekuwa akiturudishia matumaini. Mwaka wa kwanza alizama kwenye fundo la ishirini. Mwaka wa sita, la kumi na moja. Dokta alisema tukifika chini ya matano atakuwa na jambo la kuwaambia chuoni. Hakuwahi kuniambia jambo kwa matumaini namna ile.

Masika moja Dokta aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake, akavunjika mguu. Alilazwa, akapasuliwa, kisha akalala nyumbani muda mrefu. Kazi ya majabalini akaniachia mimi na daftari.

Kabla ya hapo kidogo shemeji alikuwa amenilalamikia. “Shemeji, kila siku unanishonea, na kila siku hao wadudu wenu wanafungua. Unanishonea mimi au unawashonea wao?” Maneno yale yaliniuma, kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Wavu wake uliofuata niliushona kwa uzi wa mara mbili kando zote. Nilifanya kazi nzuri. Haukuchanika.

Wiki ile ile ya Dokta kulazwa, shemeji alikuja mwaloni asubuhi, na ndani ya mtumbwi kulikuwa na gunia. Akanifunulia kidogo. Nikaona ile kola. Alikuwa amenasa kwenye kando niliyoiimarisha, hakuweza kufungua, na shemeji alimmalizia kwa kasia.

“Sikujua kama ndiye yule wenu,” alisema. “Nakuapia. Lakini Dokta wako asijue, shemeji. Atawaleta watu wa serikali hapa, na mimi nina watoto sita.”

Tulimzika kwenye mafunjo ya kando ya ziwa, mimi na yeye. Sikulia. Nilikuwa na hasira na mikono yangu.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa Dokta, sauti ndogo ya mtu aliyelewa dawa.

“Fundi. Kola hajambo?”

Kwetu mgonjwa haambiwi habari ya kifo. Mtu akiwa kitandani, hata akifiwa na ndugu yake wa tumbo moja, tunamficha mpaka apate nguvu. Nilifanya hivyo kwa baba yangu, na nilifanyiwa mimi nilipougua malaria na mdogo wangu akafa. Sikufikiri. Nilijibu kama nilivyolelewa.

“Hajambo, Dokta. Leo kazama kwenye la kumi.”

Nilisikia akivuta pumzi. Akasema, “La kumi. Andika.”

Nikaandika. Na kesho yake nilikwenda majabalini kweli, nikakaa kwenye mtumbwi, nikaona majabali matupu, nikaandika la kumi tena. Kila wiki alipiga simu, na kila wiki sauti yake ilikuwa imepona kidogo, nami nikampunguzia fundo moja. La tisa. La nane. Nilipofika la tano alilia kwenye simu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya choo cha mwaloni nimeinamisha kichwa. Mke wangu aliniambia, “Mwambie sasa, ameshapona.” Nilimjibu nitamwambia akiweza kutembea. Alipoweza kutembea alikuwa na gongo, hawezi kupanda mtumbwi, na ameshaanza kuandika kitabu. Nikasema nitamwambia akitupa gongo. Gongo hakulitupa.

Mwisho niliogopa atataka kubebwa akamwone, nikaona nimmalize Kola kwa namna nyingine. Nikaandika kwamba amepata dume, wameondoka. Nilimwozesha mnyama aliyekuwa ameoza kwenye mafunjo. Nililiandika vizuri sana lile jambo, nilifuta mara tatu. Hata hilo nalisema.

Dokta akalifanya sura nzima ya kitabu chake, sura ya nne. Nilisomewa kipande. Ilisema uvumilivu wa mwanadamu unaweza kufuta hofu ya mnyama. Miaka ikapita. Nilishona nyavu, nikapima fisi maji wengine kwa haki, wala sikuongeza wala kupunguza tena hata fundo moja, kama mtu anayelipa deni. Lakini ile sura ilibaki pale.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa kiangazi hiki. Daraja jipya, lililochukua nafasi ya kivuko, lilikuwa limeshafunguliwa, nikavuka ziwa kwa dakika chache ndani ya basi, nikashuka Buzuruga, nikapanda kwa miguu mpaka kwake. Mpwa wake alinifungulia, akaninong'oneza kwamba madaktari wamesema hakuna tena cha kufanya, nisimchoshe. Alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, amefunikwa kitenge, mikono imekuwa kama ya mtoto.

“Shikamoo Dokta.”

“Marahaba, Fundi. Kaa. Si huko, utanifanya nipige kelele. Kaa hapa.”

Nikakaa karibu. Mpwa akaleta chai, akaenda zake uani.

“Kitabu kinakwenda kwa mchapaji,” alisema. “Nimewaambia majina yawe mawili. Langu na lako. Wamebisha, nimewashinda. Nataka utie saini hapa.”

Akanisogezea karatasi. Nikaona jina langu limechapwa, na chini yake mstari mtupu. Alikuwa amelala pale, mgonjwa kuliko siku ile ya mguu mara kumi. Yote niliyofundishwa nyumbani yaliniambia nitie saini, nimshukuru, ninywe chai, nimwache afe na furaha yake. Nilishika kalamu. Nikaiweka chini.

“Dokta, Kola alikufa.”

“Wote watakuwa wamekufa sasa, Fundi. Ni miaka mingi.”

“Hapana. Alikufa wiki uliyolazwa na mguu. Nilimzika mimi. Yote niliyoandika baada ya hapo, masika yote yale, niliyatunga.”

Aligeuzia macho darini. Uani mpwa alikuwa anatwanga. Alitwanga, akapumzika, akatwanga tena, na Dokta alikuwa bado anatazama dari.

“Kwa nini?”

“Ulikuwa mgonjwa.”

“Na nilipopona?”

“Nilikuwa mwoga.”

“Na sasa siumwi?”

“Unaumwa, Dokta. Lakini hili ni jina langu, na hiyo ni kazi yako.”

Alifumba macho. Chozi moja lilishuka upande wa sikio, na hakulifuta. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza pale mchangani, “Alikufaje?”

Nikamweleza. Wavu, kando, uzi, kasia, gunia.

“Uzi wa mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Kwenye kando zote, au upande wa majabali tu?”

“Zote.”

“Hilo hatukuwahi kulipima,” alisema. “Wavu unaoshonwa vizuri. Hatukuwahi.” Akageukia maboksi yake ukutani. “Shemeji yako, mwandike kama ‘mvuvi mmoja’. Jina lake usiliandike. Daftari la mwaka ule liko kwenye boksi la tatu. Lilete, na rula.”

Nikaleta. Akaniambia nianze na siku ya kwanza ya uongo, nikate kila mstari kwa rula, ili unaokatwa uweze kusomeka, na pembeni niandike: si kweli, nilitunga. Niliandika hivyo mara nyingi mpaka mkono ukauma. Yeye alikuwa akiangalia kila ukurasa kabla sijafunua unaofuata. Hakuniambia amenisamehe. Nilipouliza kama jina langu nilitoe kwenye karatasi alisema, “Libaki. Na hili litaandikwa kwenye sura ya nne, chini ya jina hilo hilo. Mengine ya sura hiyo yatafutwa, ibaki na hilo tu. Ukitaka kutia saini kwa masharti hayo, tia.”

Nikatia.

Tukafika kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa kuondoka. Niliweka rula. Akainua kidole.

“Huo nisomee kwanza.”

“Dokta, huo ni uongo mtupu.”

“Najua. Soma.”

Nikasoma: “Leo ukungu ulikuwa mwepesi. Kola alitoka upande wa mafunjo akiwa na dume. Dume alisimama mbali. Yeye alikuja mpaka ubavuni mwa mtumbwi, hakukuwa na fundo hata moja kati yetu. Ndevu zake zilikuwa na matone, na kila tone lilikuwa na jua lake. Aliniangalia. Kisha akageuka, wakaenda pamoja upande wa visiwani, na sikuwaona tena.”

Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

“Matone kwenye ndevu,” alisema. “Hayo uliyatoa wapi?”

“Hayo niliyaona. Siku nyingine, zamani, alipopanda jabalini mbele ya jua. Hayo ni ya kweli.”

“Basi yaandike pembeni, peke yake, na tarehe yake.”

“Tarehe siikumbuki, Dokta.”

“Andika tarehe siikumbuki. Mengine kata.”

Nikaandika. Kisha nikaiweka rula chini ya mstari wa kwanza, nikaanza kukata, na yeye aligeuza kichwa kwenye mto akawa anaufuata mkono wangu, mstari kwa mstari, mpaka chini ya ukurasa.